Mwacheni Mstaafu Aandike

Mtumishi wa umma Tanzania akikaribia miaka 60 hupelekwa semina. Huko wastaafu watarajiwa hufundishwa ufugaji wa kuku wa mayai, mabwawa ya samaki, hati fungani, nyumba za kupangisha, na namna ya kuwakwepa matapeli wanaounusa mkupuo wa mafao hata kabla haujaingia benki. Ni mafunzo ya maana, maana wapo waliopoteza jasho la miaka 35 ndani ya miezi michache kwa kukosa mtu wa kuwaonya. Ila sijapata kuona ratiba ya semina hizo yenye hata kipindi kimoja kinachomwuliza mwalimu mkuu, mkunga, fundi wa reli au karani wa bandari: unajua nini ambacho hakijaandikwa popote, na utakiandika lini?

Kipindi hicho hakipo kwa sababu mitaani jibu limeshatolewa. Mstaafu anayeandika kitabu anaonekana anachezea fedha. Nimeyasikia haya kwa watoto wa wastaafu, kwa wahadhiri, kwa wauza vitabu, na zaidi kwa wenzangu wahariri, tena yanasemwa kwa uhakika kana kwamba yamekwisha kuthibitishwa: kwamba mwenye kipaji angeshaandika zamani, kwamba vitabu vya kujichapishia ni takataka, kwamba ni majigambo ya wazee waliokosa wa kuwasikiliza, kwamba hakuna atakayesoma. Sikubaliani na hata moja kati ya hoja hizi, na moja au mbili naamini zinatudhuru.

Nianze na hiyo ya kipaji, kwa sababu ndiyo inayovaa joho la usomi. Inadai kuwa mwandishi wa kweli hujitokeza mapema, na anayeshika kalamu baada ya kustaafu ni mpita njia tu. Anayesema hivyo amesahau fasihi yetu wenyewe ilivyotengenezwa. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alitunga utendi wake mnamo mwaka 1858, akiwa mgonjwa, akimwusia binti yake Mwana Hashima. Miaka kama miwili baadaye alifariki. Utendi huo umesomwa pwani yote kwa zaidi ya karne moja na nusu, na sijamsikia mtu akiuliza mbona mama huyo hakuanza kutunga akiwa msichana. Wosia ni utanzu wa mtu aliyefika mbali. Sharti lake la kwanza ni kuwa na maisha nyuma yako.

Au mtazame Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Alirudi Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1890 baada ya miongo ya biashara ya pembe na watumwa iliyomfikisha mashariki ya Kongo. Hapo Unguja, safari zimekwisha na uzee umeingia, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, kwa hati ya Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode akazigeuza kwa herufi za Kirumi na kuzitoa pamoja na tafsiri ya Kijerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Tippu Tip alifariki mwaka 1905. Mtu huyu alihusika na mateso ya watu wengi mno, na sitaki kumpamba kwa neno lolote. Lakini hakuna mwanahistoria wa Kongo, wa Tabora au wa Zanzibar anayeweza kuiruka simulizi yake, nayo ni miongoni mwa tawasifu za mwanzo kabisa katika lugha yetu. Laiti angeamua kwamba kazi ya mzee ni kukaa barazani tu, historia ile ingebaki mikononi mwa wasafiri kama Stanley na maofisa wa Kibelgiji peke yao, na ukatili wenyewe tusingeusoma kutoka kinywani mwa aliyeutenda.

Mwalimu Nyerere naye aliondoka Ikulu mwaka 1985. Ni katika kustaafu kwake ndipo alipoandika Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, na ni katika kustaafu ndipo Injili na Matendo ya Mitume alizozigeuza kuwa tenzi zilipochapishwa, mwaka 1996, akiwa amepita miaka 70. Nitajibiwa kwamba Nyerere alikuwa mwandishi tangu zamani, kwamba alimtafsiri Shakespeare akiwa madarakani. Ni kweli. Lakini kupanga mizani na vina kwa Injili nzima, ubeti baada ya ubeti, si kazi ya mtu anayesubiriwa na Baraza la Mawaziri. Ilihitaji asubuhi nyingi zisizo na ratiba. Ikiwa yeye mwenye kipaji kisichobishaniwa aliuhitaji muda huo, kwa nini tunamwona mwalimu wa Tandahimba kuwa hana kipaji kwa vile tu hakuandika wakati ana madaftari ya wanafunzi 90 ya kusahihisha kila jioni?

Mtumishi wa umma haandiki akiwa kazini kwa sababu zinazojulikana. Anahamishwa Sumbawanga kwenda Mtwara kabla hajafungua mizigo. Amekula kiapo cha siri. Anamwogopa bosi atakayejisoma katika ukurasa wa kumi, na anajua kwamba barua ya kupandishwa daraja inapita mezani kwa bosi huyo huyo. Kustaafu kunamwondolea vyote hivyo kwa siku moja. Tena kunampa kitu ambacho kijana mwenye kipaji hawezi kukipata kwa juhudi yoyote, yaani anajua mambo yaliishia wapi. Mwalimu wa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, aliyeingia darasani katikati ya miaka ya 1970, baada ya Azimio la Musoma, akiwa mwenyewe ametoka tu kumaliza darasa la saba, anajua leo ni yupi kati ya watoto wale amekuwa daktari, ni yupi alirudi kulima, na ni kitu gani hasa kiliwatenganisha. Mtafiti kijana atapata takwimu za uandikishaji. Huyu ana majina na nyuso, na aliwaona wakikua.

Sasa nifike pale ninapoona unafiki wa hoja hizi, kwa sababu umri hautajwi kabisa pale mwandishi anapokuwa mkubwa. Rais mstaafu Benjamin Mkapa alizindua kitabu cha maisha yake Dar es Salaam Novemba 2019, akafariki Julai 2020, miezi minane tu baadaye. Ali Hassan Mwinyi, rais aliyemtangulia, alikizindua cha kwake, Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu, tarehe 8 Mei 2021, siku aliyotimiza miaka 96. Edwin Mtei, gavana wa kwanza wa Benki Kuu ya Tanzania, alitoa kumbukumbu zake mwaka 2009 akiwa amepita 75. Kenya, Duncan Ndegwa, Mwafrika wa kwanza kushika ugavana wa Benki Kuu yao, alitoa zake mwaka 2006 akiwa amepita 80. Hakuna aliyewaambia wazee hawa wakafuge kuku. Magazeti yalichapisha dondoo, vyuo vikaagiza nakala, na ilikuwa haki.

Kwa hiyo tatizo halijawahi kuwa uzee wala kipaji. Tatizo ni cheo. Tumekubaliana kimyakimya kwamba mkubwa akistaafu ana kumbukumbu, na mdogo akistaafu ana soga.

Msimamo huo naupinga kwa nguvu zangu zote, kwa sababu unatuachia historia ya nchi iliyoonwa kutoka ghorofani. Chukua Februari 1967, mabenki yalipotaifishwa siku chache baada ya Azimio la Arusha. Gavana anaweza kutueleza uamuzi ulivyofikiwa, barua zilizoandikwa, na hofu iliyokuwapo juu ya fedha za kigeni. Karani aliyefungua dirisha la tawi la mkoani asubuhi iliyofuata anaweza kutueleza nani alikuja kutoa akiba yake, nani alikuja kuuliza, meneja alisema nini, na wao makarani waliogopa nini. Karani yule kama alikuwa na miaka 20 wakati huo, sasa anakaribia 80. Au chukua Operesheni Vijiji, ile ya kuwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa. Sera ipo kwenye hotuba, lakini namna ilivyotekelezwa usiku fulani katika tarafa fulani imo kichwani mwa afisa tarafa, dereva wa lori, na mama aliyepakizwa juu ya lori hilo na mtungi wake. Wote watatu wangeandika, tungekuwa na mjadala wa kweli badala ya malumbano ya wapenzi na wapinzani ambao wengi wao hawakuwapo.

Kuna mambo ambayo hata ofisini hayakuandikwa. Walioendesha vikundi vya kusikiliza redio katika kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973 wanajua kwa nini katika kijiji kimoja watu walichimba vyoo na kuvitumia, na katika kijiji cha jirani walivichimba ili wasitozwe faini. Wafanyakazi wa reli, bandari na posta walioamka mwaka 1977 wakakuta Jumuiya ya Afrika Mashariki imevunjika wanajua mafaili yaligawanywaje, nani alibaki upande usio wake wa mpaka, na jinsi madai ya mafao yao yalivyozeeka pamoja nao. Wauguzi waliofanya kazi zahanati za vijijini wakati dawa zimekwisha nchini wanajua waliamuaje nani apewe na nani asubiri. Hayo ni maarifa ya kitaalamu na ya kimaadili kwa pamoja, na mwenye nayo anaambiwa apumzike.

Na anapopumzika, nani anamwandikia? Bibi Titi Mohamed, aliyewakusanya wanawake wa Dar es Salaam kwa maelfu kuingia TANU, hakuacha kitabu alichokiandika mwenyewe. Alifariki mwaka 2000. Sehemu kubwa ya tunachokijua kwa maneno yake tunakipata kwenye kitabu cha mwanahistoria wa Kimarekani Susan Geiger kilichotoka mwaka 1997, kwa Kiingereza. Kumbukumbu za mwanasiasa wa Zanzibar, Maalim Seif Sharif Hamad, nazo zilitoka mwaka 2009 zikiwa zimeandaliwa na Mmarekani mwingine, Thomas Burgess, na kwa Kiingereza vilevile. Nawashukuru wote wawili kwa dhati, walifika wakauliza tulipokuwa hatuulizi. Lakini inaniuma kwamba mjukuu wa mwanamke aliyeandamana na Bibi Titi Kariakoo, akitaka kumsikia Bibi Titi akizungumza, inambidi kwanza ajue Kiingereza cha chuo kikuu.

Wanawake ndio tunaowapoteza zaidi. Mwanamume akistaafu huachiwa meza na kiti chake. Mwanamke akistaafu hukabidhiwa wajukuu. Wambui Otieno wa Kenya, aliyekuwa skauti wa Mau Mau Nairobi na ambaye baadaye kesi ya kumzika mumewe mwaka 1987 iliigawa nchi nzima, alitoa kitabu cha maisha yake mwaka 1998 akiwa na miaka kama 62. Kitabu hicho kinafundishwa. Ni wangapi wa rika lake waliokuwa na habari nzito kama yake, wakaondoka nazo kwa sababu kila alasiri kulikuwa na mtoto wa mtu wa kupokelewa shuleni?

Hoja ya takataka nitaipa nafasi yake, kwa sababu ina ukweli ndani. Vitabu vingi vya kujichapishia ni vibaya. Nimevisoma. Shukrani zinachukua kurasa sita, ukoo unachukua arobaini, kisha miaka 30 ya kazi inapita katika sura moja yenye picha nyeusi zisizoonyesha uso wa mtu. Tarehe zinapingana. Herufi zimebanwa ili kupunguza karatasi. Anayevitaja vitabu hivi kama ushahidi hatungi uongo.

Kosa lake ni pale anapodhani ubaya huo unatoka kwenye umri wa mwandishi. Unatoka kwenye kukosekana kwa mhariri. Mstaafu hupeleka muswada kwenye kiwanda cha uchapaji, kiwanda kinafanya kazi yake ya kuchapa, na katikati hakuna mtu yeyote aliyeusoma kwa kalamu nyekundu. Mpe mwandishi kijana mwenye shahada tatu njia hiyo hiyo naye atatoa kitabu kibaya vilevile. Wachapishaji wakubwa hawawezi kuibeba kazi hii yote, kwa sababu hapa kwetu biashara yao imeegemea vitabu vya shule, na tangu serikali ilipoirudisha kazi ya vitabu vya kiada Taasisi ya Elimu, fedha ya kuhatarisha kwenye kumbukumbu za mtu asiyejulikana imezidi kupungua. Muswada ukikataliwa kwa sababu ya hesabu hizo, haujahukumiwa ubora wake hata kidogo. Tukumbuke kwamba Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vya Shaaban Robert vilitoka mwaka 1968, miaka sita baada ya mwandishi kufariki. Kama kuchelewa kuchapishwa kungekuwa kipimo cha thamani, vitabu hivyo viwili tungevitupa.

Kujichapishia nako hakumshushi mtu. Kwaheri Ukoloni, Kwaheri Uhuru! cha Harith Ghassany kilitoka mwaka 2010 kwa njia ya kujichapishia, kimejaa simulizi za wazee walioyashiriki au kuyashuhudia mapinduzi ya Zanzibar. Wapo wanaoyapinga mahitimisho yake kwa hasira, na wana hoja zao. Lakini kimejadiliwa Unguja, Dar es Salaam na Muscat, na anayeandika leo juu ya mwaka 1964 lazima akijibu. Nguvu yake imetoka kwa wazee waliokubali kuzungumza, wengine baada ya kunyamaza karibu nusu karne.

Ugomvi wangu na wastaafu wenyewe ni huu: wanaweka fedha mahali pasipo pake. Ukumbi unakodiwa, turubai linafungwa, keki ya umbo la kitabu inakatwa, mgeni rasmi ananunua nakala ya kwanza kwa bei ya kuchangia, wageni wanaondoka na chakula tumboni, na nakala elfu moja zinabaki chumbani zikiliwa na mchwa. Fedha ya ukumbi ingemlipa mhariri mzuri kwa miezi mitatu. Siku hizi mashine za kidijitali zinachapa nakala 100 au 200 bila hasara kubwa, kisha unaongeza kadiri zinavyoisha, kwa hiyo hakuna sababu ya kuanza na elfu. Namba ya ISBN inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na kwa Wakenya Huduma ya Maktaba ya Taifa yao. Na mtu anayejiita mchapishaji, akadai alipwe gharama zote, halafu asitaje popote kwenye mkataba nani atahariri, huyo akimbiwe.

Neno jingine kwa wastaafu ni lugha. Mkapa, Mtei na Ndegwa wote waliandika kwa Kiingereza, na wengi wa cheo cha chini wanawafuata wakiamini kwamba kitabu hakijawa kitabu mpaka kiwe cha Kiingereza. Wanaishia kuandika kwa lugha waliyoitumia kwenye ripoti, na ripoti ndiyo inayotoka. Mzee Mwinyi aliandika kwa Kiswahili, na unapomsoma unamsikia. Fundi aliyefanya kazi ya reli kwa Kiswahili, akatukana kwa Kiswahili na kuomboleza wenzake kwa Kiswahili, akikaa kuandika kwa Kiingereza anapoteza nusu ya anachokijua kabla hajamaliza aya ya kwanza. Majina ya zana, ya hitilafu, ya vyeo visivyo rasmi vya kazini, mengi hayamo kwenye kamusi yoyote. Adam Shafi alipoandika Kuli, riwaya iliyotoka mwaka 1979 na inayohusu mgomo wa makuli wa Zanzibar wa mwaka 1948, aliihifadhi bandari ile pamoja na lugha yake. Mwaka 2013, akiwa na miaka kama 73, alitoa Mbali na Nyumbani, masimulizi ya safari za ujana wake. Ni kitabu kinachosomeka kwa wepesi, na sijui kijana gani angekiandika vizuri zaidi.

Majigambo je? Yapo. Mtu aliyeongoza watu 30 huandika kana kwamba aliongoza mkoa, na aliyeshindwa hukumbuka kuhujumiwa. Lakini ugonjwa huo tunao sote wenye kuandika, na dawa yake ni maswali. Mhariri anauliza: siku hiyo alikuwapo nani mwingine? Barua ya uhamisho ipo? Uliwahi kuamua jambo likawaumiza watu? Nimeona muswada wa majivuno ukibadilika kabisa baada ya swali hilo la tatu. Mwandishi alinyamaza wiki kadhaa, kisha akaleta sura mpya ambayo hakupanga kuiandika, na ndiyo iliyokuwa bora kuliko zote. Kwa kawaida kitabu cha mstaafu hupona pale anapoacha kujieleza yeye akaanza kuieleza kazi: bomba la maji lilivyolazwa mlimani, mahakama ya mwanzo ilivyoendeshwa bila karatasi, meli ilivyopakuliwa mvua ikinyesha. Ukiieleza kazi kwa uaminifu, tabia yako itaonekana humo bila kuitangaza.

Wanaosema wazee wanawabana vijana sitawajibu kwa urefu. Hakuna foleni moja ya waandishi ambamo mstaafu akiingia mbele kijana anarudi nyuma. Vijana wanabanwa na uhaba wa wahariri, wa maduka ya vitabu na wa tuzo, na wazee wanabanwa na mambo hayo hayo.

Hoja ya fedha, hata hivyo, inatoka kwa watoto wenye wasiwasi wa haki, na inastahili jibu lililo wazi. Kikokotoo cha mafao kilichoanza Julai 2022 kiliushusha mkupuo hadi asilimia 33 kwa watumishi ambao awali wangepata asilimia 50, na nyongeza ya mwaka 2024 haikuurudisha ulipokuwa. Mzazi akitaka kuutia mkupuo huo wote kwenye karatasi na wino, mzuieni. Kitabu kiandikwe kwa pensheni ya kila mwezi, kidogo kidogo, na kichapwe kwa nakala chache. Lakini msimdai faida. Familia zinachanga mamilioni kwa harusi ya siku moja na hakuna anayeuliza asubuhi yake imeingiza kiasi gani. Mzee akitaka sehemu ndogo ya fedha hiyo ili aache rekodi ya maisha yake yote ya kazi, tunamwambia alete mchanganuo wa biashara.

Na wasomaji? Wapo wachache, na wachache wanatosha. Simulizi ya Tippu Tip ilitolewa kwa ajili ya wataalamu wachache wa lugha huko Ujerumani, na baada ya zaidi ya miaka 120 bado inasomwa. Kitabu cha mwalimu mkuu kikisomwa na wanafunzi wake wa zamani, walimu wawili wapya wa shule ile na mtafiti mmoja mwaka 2060, kimefanya kazi yake. Tunapenda sana kunukuu misibani ule usemi wa Amadou Hampâté Bâ wa Mali unaomlinganisha mzee anayekufa na maktaba inayoungua. Tunaunukuu maiti ikiwa mbele yetu. Hampâté Bâ mwenyewe hakutosheka na usemi: uzeeni alikaa akaandika kumbukumbu zake, na juzuu ya kwanza ilitoka mwaka 1991, mwaka aliofariki. Anayeupenda usemi wake namsihi aanze kwa kumheshimu mzee aliye hai anayeomba miwani na karatasi.

Askari aliyekuwa na miaka 20 vita vya Kagera vilipoanza Oktoba 1978 anatimiza 70 mwaka 2028. Waandaaji wa semina za wastaafu watarajiwa wanaweza kuongeza siku moja ya uandishi mwaka huu huu, wakamwita mhariri mmoja na mkutubi mmoja, bila kusubiri sheria wala bajeti mpya. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, imewainua waandishi wa riwaya na ushairi. Ifungue mlango pia kwa kumbukumbu za kazi zilizoandikwa kwa Kiswahili. Vyuo vyenye wanafunzi wa Kiswahili na historia wanaohangaika kutafuta mada za tasnifu viwatume kwa wastaafu wa mtaa wa pili, wakawasaidie kupanga makaratasi yao.

Nawe ambaye baba au mama yako ana kaunta buku tatu zilizojaa mwandiko wa kulala, unazoziona kila ukienda kumsalimu na kuzipita, anza na hizo. Mchapie kwenye kompyuta kurasa kumi kwa wiki. Mwulize tarehe asizozikumbuka vizuri, mtafute mwenzake aliyebaki mjini au kijijini athibitishe, mrekodi kwa simu pale mkono wake unapochoka, usifute maneno ya kazini usiyoyajua bali mwombe ayaeleze. Mkimaliza mpelekeeni mhariri, na nakala mbili za kwanza zikitoka kiwandani zipelekwe maktaba ya mkoa kabla hamjaanza kujadili mgeni rasmi awe nani.